Fundi wa Seva na Maziwa ya Jumamosi Jioni

Saa mbili asubuhi, Jumapili. Mji wa Kisii umenyamaza kwa namna usivyojua kunyamaza siku nyingine. Maduka ya vifaa vya ujenzi yamefungwa, akina mama wa ndizi hawajatandaza magunia yao, na kutoka kanisa lililo nyuma ya soko inasikika kwaya ikirudia ubeti mmoja ambao sauti ya besi inaukosea kila mara.

Katika chumba kimoja cha orofa ya tatu, Abner Omosa anavua koti, analitundika kwenye msumari na kuketi mbele ya kompyuta. Chai aliyokuja nayo hajaigusa. Anafungua ukurasa mmoja, anautazama mstari mmoja, kisha anashusha pumzi.

"Yupo," anasema.

Mstari wenyewe hauna cha kumvutia mpita njia. Unaeleza kwamba jana, Jumamosi, mnamo saa moja na nusu jioni, mfugaji aitwaye Nyaboke alifikisha lita nne za maziwa katika kituo cha ushirika mdogo wa wafugaji huko Nyansiongo. Basi.

Lakini Nyaboke ni mama mkwe wake, na mstari huo ndio mazungumzo pekee waliyo nayo juu ya jambo lililomvunjia mama huyo heshima.

Abner, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni mtunza seva. Nyumbani kwake Kiogoro, anakotoka kila siku kuja mjini, majirani husema tu kwamba anafanya kazi ya kompyuta, nao humletea simu zilizozimika na redio zilizokauka sauti. Naye hawakatalii.

"Nikiwaambia kwamba mashine ninayoitunza haipo hapa Kenya, wananitazama kama mchungaji anayedai kondoo wake wanalisha Ulaya," anasema, akicheka kidogo.

Mashine hiyo iko Ulaya kweli, katika jumba ambalo hajawahi kuliona. Kampuni ndogo inayomwajiri huikodi, na ndani yake zinaendeshwa programu kumi na saba za wavuti, miongoni mwazo ya karo za shule, ya zahanati, ya kikundi cha wakulima wa majani chai wa Nyaramba, na ya wafugaji wa Nyansiongo. Kwa mshahara wa shilingi elfu thelathini na mbili kwa mwezi, kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna anayekumbuka kuwa yupo.

Jumapili ndiyo siku yake ya matengenezo. Abner ni Msabato, na Jumamosi hagusi kibodi. Wenzake ofisini, ambao wengi ni Wakatoliki, humwachia ufunguo wakimtania kwamba Mungu aliwagawia wiki ili seva isikose mlinzi.

Siku hizi, kabla ya jambo lolote, Abner hukagua saa. Wala si katika mahali pamoja tu. Huiuliza mashine yenyewe inadhani ni saa ngapi, kisha huiuliza hifadhidata, yaani ghala ambamo kumbukumbu zote hutunzwa, kisha programu, na mwisho hutazama kile anachokiona mtu wa kawaida kwenye skrini yake. Yote manne yakikubaliana, ndipo anapomimina chai.

"Mashine haitazami jua," anaeleza. "Ni lazima iambiwe iko katika ukanda upi wa saa. Usipoiambia, itafuata saa ya kimataifa, na saa hiyo iko nyuma yetu kwa muda wa saa tatu."

Mapema mwaka huu, programu za vikundi zilihamishiwa kwenye seva mpya. Seva ya zamani ilikuwa imeambiwa iko Nairobi. Ile mpya haikuambiwa kitu.

Huko Nyansiongo, ushirika ulikuwa umetundika skrini kubwa ukutani, chini ya kibanda ambamo wafugaji husubiri zamu zao. Iliwekwa ili kuzima manung'uniko ya vipimo kuibwa: kila mwanachama huonyeshwa hapo jina lake, lita zake, siku na saa aliyoleta maziwa, na yeyote anaweza kusoma. Watu waliipenda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mkulima mwenye ng'ombe mmoja kuandikwa ukutani sambamba na mwenye kumi.

Baada ya kuhamishwa, skrini ile ikaanza kuonyesha kwamba maziwa ya asubuhi yanafikishwa saa tisa na nusu usiku. Hakuna mfugaji aliyejiuliza kwa nini ng'ombe wote wa Nyansiongo wamekuwa wakikamwa usiku wa manane.

Aliyeliona kosa hilo ni Duncan, karani wa mizani. Alimwambia mwenyekiti wa ushirika, Bi Beverlyne, naye akaipelekea ofisi ya mjini lalamiko la sentensi moja. Lilifika. Lakini lita zilikuwa sahihi, tarehe zilikuwa sahihi, na utaratibu wa ofisi ni kuanza na kile kinachozuia watu kufanya kazi. Likawekwa nyuma ya mengine.

"Nililisoma," anasema Abner. "Nikasema, hili halimuumizi mtu."

Mtu aliyekuwa akiumizwa alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa.

Katika kanisa lao dogo la Kisabato, siku ya Sabato ng'ombe hukamwa kwa sababu ya huruma, ila maziwa hayauzwi. Yale ya Jumamosi asubuhi Nyaboke huwagawia watoto wa jirani. Ya jioni ni suala jingine. Husubiri jua lizame, hupiga magoti peke yake sebuleni na kuifunga Sabato kwa sala, kisha hukamua na kushika njia ya kituoni akiwa na mtungi wake. Wenzake wengi huyaweka maziwa hayo hadi Jumapili. Nyaboke hana mahali pa kuyapoza.

Kwa hiyo alikuwa Msabato pekee ambaye jina lake lilionekana ukutani siku ya Jumamosi. Na baada ya seva kuhamishwa, skrini ilisema kwamba anauza maziwa saa kumi na nusu alasiri, jua likiwa bado linawaka juu ya mashamba ya chai.

Aliyeusoma mstari huo ni Mzee Ogoti, mzee wa kanisa, alipokuwa akisubiri zamu yake Jumapili moja asubuhi. Kwa maelezo ya wote wanaomfahamu, si mtu mbaya. Ndiye aliyeongoza vijana kuchimba kaburi la mume wa Nyaboke mvua ikinyesha. Kwa majuma kadhaa alirudi tu kila Jumapili na kusoma tena. Ndipo akaliita baraza la kanisa.

Duncan, ambaye ni Mkatoliki na hakuitwa na mtu, alikwenda akiwa amevaa gambuti za kazini ili kumtolea mama huyo ushahidi.

"Niliwaambia, skrini imekosea saa, omong'ina huyu huja giza likishaingia. Mimi mwenyewe humulika mtungi wake kwa tochi ya simu ndipo nione alama za kipimo," anakumbuka karani huyo, akitumia neno la heshima ambalo Wagusii humwitia mwanamke mzee. "Mzee Ogoti akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, 'Kijana, mtu husahau, na mtu huhurumia. Mashine haina shangazi.'"

Baraza likaamua kwamba Nyaboke apumzike katika kazi ya ushemasi hadi atakapotubu.

Neno "apumzike" ni laini, lakini lilimpokonya kitu alichokuwa nacho tangu bintiye Sharon, ambaye sasa ni mke wa Abner, akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Nyaboke ndiye aliyeuoka mkate usiotiwa chachu wa Meza ya Bwana, kila robo ya mwaka. Alikuwa na kikaango cha kazi hiyo tu, ambacho hakikuwahi kuonja kitunguu. Alikifunga kwa leso na kukiweka juu ya kabati.

Mtu mmoja angeweza kuutegua mtego huu kwa asubuhi moja. Lakini mtu huyo ndiye ambaye Nyaboke hakuweza kumwambia.

Miongoni mwa Wagusii, baina ya mama mkwe na mume wa binti yake kuna chinsoni, ile heshima iliyochanganyika na haya, ambayo huwazuia wawili hao hata kushikana mikono. Mkwe haingii anapolala mama mkwe. Mama mkwe hamwelezi mkwe aibu yake. Nyaboke hakuishia kunyamaza. Alimfunga na bintiye mdomo.

"Mama aliniambia, mume wako akilijua hili sitaweza tena kumpikia," anasema Sharon. "Nikanyamaza. Nilikuwa nikimtandikia Baba Brandon chakula mezani, yeye ananisimulia habari za seva zake, nami nimelibeba lile jambo kifuani kama jiwe. Sikujua kwamba ni jambo lile lile."

Abner aligundua mwezi Juni, walipokwenda Nyansiongo kwa ibada ya Meza ya Bwana. Baada ya watu kutawadhana miguu, mwanamke mwingine alipita mbele akiwa amebeba sinia ya mkate. Abner aligeuka kumtafuta mama mkwe wake kwa macho. Alikuwa nyuma kabisa, kwenye benchi la karibu na mlango, mahali wanapoketi wageni na akina mama wenye watoto wanaolia.

Walipotoka, alisimama na mkewe kando ya njia, majani chai pande zote, akamwomba amwambie ukweli. Sharon akalia, kisha akasema. Abner aliuliza mambo mawili tu: skrini ilisema saa ngapi, na mama alikuwa akifika saa ngapi.

"Nilijua kabla hajamaliza sentensi," anasema. "Muda wa saa tatu. Nilihisi kama mtu aliyekuta viatu vyake mwenyewe mlangoni pa nyumba iliyoibiwa."

Jua lilikuwa bado juu. Hata lilipozama, Abner hakuigusa mashine. Seva hurekodi kila anayeingia na saa aliyoingia, na saa yake ilikuwa nyuma. Angeingia Jumamosi baada ya Sabato, naye angeandikwa kuwa aliivunja. Alisubiri Jumapili.

Asubuhi hiyo, katika chumba hiki hiki, aliiambia mashine kwamba iko Nairobi. Mashine ikakubali. Skrini ya Nyansiongo haikubadilika. Alitambua kwamba programu huuliza ukanda wa saa mara moja tu, inapowashwa, kama mtu anayetazama saa alfajiri na kushinda kutwa nzima akiikisia. Akaizima na kuiwasha upya.

Bado haikubadilika, kwa sababu hifadhidata ilikuwa na mpangilio wake wenyewe na haikujali mashine imeambiwa nini. Akaurekebisha huo pia. Hapo skrini ikaruka kupita kiasi: mzigo wa asubuhi uliokuwa umetoka kupimwa ukaandikwa adhuhuri. Hifadhidata ilikuwa ikiongeza muda wa saa tatu, na programu nayo ikiongeza tena; sehemu mbili zilikuwa zikisahihisha kosa moja. Akaondoa sahihisho moja, akawasha upya kwa mara ya mwisho, na kumpigia Duncan simu. Karani akaweka ndoo ya maji juu ya mizani, akaiingiza kwa jina lake mwenyewe na kuinua macho.

"Ukutani ni saa sita na dakika kumi," alisema Duncan kwenye simu. "Na hapa nje ni saa sita na dakika kumi. Basi tumerudi Kenya."

Abner alicheka siku hiyo. Anasema hajacheka tena kuhusu jambo hilo.

Jumamosi iliyofuata, Nyaboke alifunga Sabato, akakamua na kupeleka maziwa kama alivyofanya siku zote. Skrini ikaandika ukweli: saa moja na nusu jioni. Jumapili asubuhi, Mzee Ogoti akausoma mstari huo, na moyo wake ukajaa furaha.

Alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa mjane huyo akiwa amebeba mkungu wa ndizi begani. Sharon, aliyekuwa amemtembelea mamake, aliyasikia yote kutoka jikoni. Mzee alisema kwamba kanisa limeona. Tangu Nyaboke aitwe na baraza, ameiacha alasiri na kungoja jioni. Kilichobaki ni kusimama mbele ya washiriki, aseme neno dogo tu la toba, kisha arudishiwe kazi yake.

Matengenezo ya mkwe yalikuwa yamegeuka ushahidi wa dhambi.

"Nitubu nini, mzee?" Nyaboke alimjibu. "Nilitubie jua?"

Ndizi zilibaki mlangoni. Nyaboke hakuzirudisha, wala hakuzila.

Sharon hakustahimili. Juma lile alimfuata Mzee Ogoti na kumweleza yale aliyofundishwa na mumewe: seva mpya, ukanda wa saa, maziwa ya asubuhi yaliyoandikwa usiku wa manane. Mzee hakumkatiza. Aliuliza tu ni nani aliyeisahihisha mashine. Sharon akasema ni mumewe.

"Mwanangu," Mzee Ogoti alimwambia kwa upole, "mashine haikuwa na shangazi. Sasa imepata mkwe."

Maneno hayo yameenea Nyansiongo. Watu huyarudia kituoni wakicheka, na wengine wanaoyarudia humpenda Nyaboke.

Kuna njia moja ya kusafisha jina lake. Kumbukumbu zote zilizoingizwa tangu seva ihamishwe hadi Jumapili ile ya Juni bado zimebeba saa isiyo sahihi. Zikisogezwa mbele zote kwa pamoja, za kila mwanachama, kila mtu ataona ukutani kwamba Jumamosi za Nyaboke za zamani na za sasa zinafanana. Kwa mkono wa fundi, kazi hiyo haichukui hata muda wa kunywa kikombe cha chai.

Lakini Bi Beverlyne amekataa, na sababu yake haina ubaya. Kumbukumbu za kila mwezi huidhinishwa na kamati na kufungwa. "Nikimruhusu fundi abadilishe saa leo, kesho wanachama wataniuliza kama hakubadilisha na lita," anasema. "Na fundi mwenyewe ni mkwe wa mhusika. Jambo hili ni la mkutano mkuu." Mkutano huo ulipangwa kufanyika Agosti. Umesogezwa hadi Desemba.

Abner alikuwa na wazo jingine: skrini ionyeshe, kando ya kila siku, saa ambayo jua lilizama, ili kila mtu ajionee. Alilituma wazo hilo kupitia kwa Sharon. Jibu lilirudi kwa njia iyo hiyo.

"Mwambie nimemshukuru," Nyaboke alisema. "Lakini sitaki jua langu liandikwe ukutani."

Hata hivyo hajaacha kupeleka maziwa. Wapo marafiki waliomshauri ayamwage au awape ndama, ili jina lake lisionekane Jumamosi na maneno yapoe. Amekataa. "Nikiacha, nitakuwa nimekiri," humwambia binti yake. Kwa hiyo kila Jumamosi, jua likishazama, hushika njia ileile. Na kila Jumapili, kabla ya kuonja chai, mkwe wake hufungua ukurasa ule na kuutafuta mstari. Hawajawahi kulizungumza. Hawatalizungumza.

Sasa kuna hofu mpya, na haitoki kwenye seva. Ng'ombe wa Nyaboke ana mimba. Ifikapo Oktoba itabidi aachwe asikamwe ili apate nguvu za kuzaa. Jumamosi zitapita bila jina la Nyaboke ukutani, na mkutano mkuu utakuwa bado miezi miwili mbele. Nyansiongo nzima itaisoma nafasi hiyo tupu kwa namna moja.

Abner amemwomba fundi mmoja wa Kericho, asiye na ukoo wala ukwe Nyansiongo, aje Desemba azikague kumbukumbu mbele ya wanachama, mkutano ukikubali. Hana hakika kwamba utakubali. Hana hakika kwamba Mzee Ogoti atatazama.

Jambo analoweza kulifanya mwenyewe amelifunga nyuma ya nyumba yake Kiogoro. Ni mtamba mwekundu ambaye yeye na Sharon wamemlea kwa ajili ya maziwa ya watoto wao, na anayetarajiwa kuzaa Septemba. Kumpata mwingine wa namna hiyo kungemgharimu zaidi ya mshahara wa miezi mitatu. Wameshauriana na kukubaliana: akishazaa, atapelekwa Nyansiongo pamoja na ndama wake.

Chinsoni humzuia mkwe kusimama mbele ya mama mkwe na kumwambia, najua ulivyoaibishwa. Haimzuii kuleta ng'ombe. Mkwe anapofika na ng'ombe, wanaume humpokea kamba, wanawake huweka chakula, na hakuna anayemwuliza sababu.

"Mahari niliimaliza zamani," anasema Abner, akifungua chupa ya chai ambayo sasa imepoa. "Huyu si wa mahari. Huyu ni wa Jumamosi."